Kutoka daftari la Jairam mpaka skana ya Ghala

Najua nimepotea siku nyingi. Msinilaumu, tulikuwa katika kuhesabu mali na wakati huo mtu hata kula anasahau.

Haya, leo nina jambo. Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani, binamu yangu akanambia kuwa Bi Mkubwa anawaambia watu mtaani mwanawe "anafanya kompyuta Maskati". Jirani mmoja naye akasema, kompyuta gani, yule ni kuli tu, picha zake zote yumo baina ya maboksi! Nimecheka mpaka machozi. Ukweli ni kwamba wote wawili wana haki yao. Basi nimeona niandike kirefu, niwaeleze kazi yenyewe ni nini, na kwa kuwa mnanijua nilivyo na maradhi ya historia, nianzie mbali kidogo. Tieni chai.

Kwanza mahala. Nafanya kazi katika ghala la vyakula, na ghala lenyewe liko Ghala. Sifanyi mzaha. Ghala ni mtaa wa Maskati, upande wa pili wa barabara kuu ukitokea Azaiba, na umejaa mabohari, gereji na maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwarabu wa hapa ukimtajia Ghala hafikirii bohari, anafikiria mtaa na foleni yake ya magari. Mie siku ya kwanza kuambiwa "kazi iko Ghala" nikadhani yule bwana anazungumza Kiswahili.

Sasa tuanze. Nyote mnapajua Forodhani. Mnakwenda jioni kula mishkaki na urojo, mkimaliza mnapiga picha na watoto wanaojirusha baharini. Lakini jina lenyewe linasema: hapo palikuwa forodhani khasa, penye forodha. Katika karne ya 19 kila kitu kilichoingia na kutoka Unguja kilipita pale, mbele ya Ngome Kongwe. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi zikitoka, na nguo za merikani, shanga, waya wa shaba na bunduki zikiingia. Na tusijifiche, watu pia walipitishwa pale na kulipiwa ushuru kichwa kwa kichwa kama mzigo mwengine wowote, mpaka mkataba wa 1873 wa zama za Seyyid Barghash ulipopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari na soko lao likafungwa. Mimi kila nikiona neno "idadi" kwenye skrini yangu huwa nalikumbuka hilo.

Nani alikuwa akihesabu? Hapa ndipo pazuri. Seyyid Said bin Sultan, aliyetoka huku Maskati na kuhamishia makao yake Unguja kufikia 1840, hakuwa na makarani wake forodhani. Aliikodisha forodha, kama vile sisi tunavyokodisha mikarafuu msimu ukifika: nipe kiasi fulani kwa mwaka, kinachozidi ni chako. Waliokodi ni jamaa wa Kibhatia kutoka Kutch, na aliyejulikana zaidi ni Jairam Shivji. Nyumba yao ya biashara iliishika forodha ya Unguja muda mrefu sana, hadi 1876 ilipopita kwa Tharia Topan. Katika miaka ya 1840 walikuwa wakilipa kama reale 150,000 kwa mwaka, na kufikia miaka ya 1860 kiasi kilikuwa kimezidi mara mbili.

Ushuru wenyewe ulikuwa asilimia 5. Kiwango hicho kimo katika mkataba wa biashara na Wamarekani, na mkataba huo haukutiwa saini Unguja, ulitiwa saini hapa hapa Maskati, Septemba 1833, baina ya Seyyid Said na mjumbe wao Edmund Roberts. Na sikilizeni kichekesho: nchi za Ghuba zilipounganisha forodha zao Januari 2003, ushuru wa pamoja kwa bidhaa nyingi ukawa asilimia 5. Oman ilipoanzisha kodi ya ongezeko la thamani Aprili 2021, ikawa asilimia 5 vile vile. Miaka karibu 190 na tarakimu ni ile ile! Waliotoka ndani yake ni Wamarekani wenyewe, maana mkataba wao wa biashara huru na Oman ulioanza Januari 2009 umeziondolea ushuru bidhaa zao nyingi.

Turudi kwa Jairam. Mizigo ilipimwa na watu wake, ikawekwa na watu wake, ikaandikwa na makarani wake kwa Kigujarati katika madaftari yake. Seyyid alijua kiasi anacholipwa. Kiasi kilichopita forodhani ni jambo jengine. Ndiyo maana mkisoma vitabu vya historia ya biashara ya Unguja ya wakati ule, tarakimu nyingi ni makadirio ya makonseli na wafanyabiashara wa kizungu waliokuwa wakibahatisha kutoka nje. Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika 1837, alikuwa mwerevu: badala ya kubahatisha akafanya urafiki wa kibiashara na Jairam mwenyewe, na wafanyabiashara wenzake wa Kimarekani na wa Kiingereza wakabaki kulalamika.

Na mtawala alipohitaji fedha alikopa kwa nani? Kwa yule yule mshika forodha. Deni likaandikwa katika daftari lile lile. Mpaka Seyyid Majid anafariki 1870, nyumba ya Jairam ilikuwa inadai mamia ya maelfu ya reale, na Barghash akaanza utawala wake kwa kujadiliana deni la ndugu yake. Fikirini: bandari yako, bidhaa zinapita mbele ya baraza yako, na ukitaka kujua una nini inabidi umuulize unayedaiwa naye.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu kwangu ndiyo historia yote ya ghala. Kubeba maboksi ni kazi ya mgongo tu. Suala ni nani anajua kilichomo ndani, na wewe unayemiliki utajuaje kama anakwambia kweli.

Sasa tuvuke bahari tuje huku. Maskati nako forodha iliwahi kukodishwa kwa Mabaniani kwa vipindi, lakini nitaruka mpaka 1970. Mwaka huo, Julai, Sultan Qaboos alishika nchi kutoka kwa baba yake. Wazee wa hapa wanahadithia kuwa kabla ya hapo lango la mji wa Maskati lilifungwa usiku kwa mzinga, na ukitembea baada ya hapo lazima uwe na taa mkononi. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10 nchi nzima. Meli zilitia nanga nje ya ghuba, na mizigo ikateremshwa kwa matishali mpaka ufukweni Matrah, ikabebwa na makuli, ikaingizwa katika maghala ya wafanyabiashara nyuma ya soko. Nani alijua kilichomo? Mwenye ghala na karani wake, basi.

Bandari ya kisasa ya Matrah, Port Sultan Qaboos, ilikamilika 1974. Na hapa tunaingia sisi, au tuseme jamaa zetu. Waliokimbia Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuwa wametawanyika, wengine Dubai, wengine Kuwait, wengine Cairo na London. Sultan mpya alipofungua mlango, wengi wakarudi Oman, nchi ambayo baadhi yao hawajawahi kuiona. Walikuwa na kitu kilichokuwa adimu hapa: skuli na Kiingereza. Kwa hivyo ukiingia bandarini, benki, kwenye mafuta au wizarani katika miaka ile, aliyekaa nyuma ya taipureta pengine alikuwa mtu wa Malindi au wa Wete. Kuna wazee mpaka leo wakikutana Wadi Kabir wanasalimiana Kiarabu sentensi moja, halafu Kiswahili mpaka magharibi.

Mwaka huo huo wa 1974, tarehe 26 Juni, mbali kabisa na huku, katika duka moja la Troy, jimbo la Ohio, mwuzaji alipitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley's juu ya kioo na mashine ikasoma ile mistari myeusi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza bakodi ya aina tunayotumia leo kusomwa dukani. Aliyeibuni fikra, Norman Joseph Woodland, aliipata 1949 akiwa amekaa ufukweni Miami. Alikuwa akiwaza zile nukta na vistari vya simu za maandishi, akachomeka vidole mchangani, akavivuta kuelekea kwake, vikatoka vistari virefu. Hati yake ya ubunifu ilitoka 1952. Ilibidi asubiri zaidi ya miaka 20 mpaka mashine za kuisoma zipatikane kwa bei ya maana.

Kontena ilikuwa imeshaanza 1956, na 1972 Wajerumani watano walitoka IBM wakaanzisha SAP. Fikra yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: mauzo, ununuzi, stoo na hesabu za fedha viwe katika programu moja, ukiandika upande mmoja pande zote zione. Mwanzoni programu kama hizo zilitaka mashine kubwa ya kujaza chumba. Ilipotoka R/3 yao, 1992, ikaweza kufanya kazi kwa seva za kawaida na kompyuta za mezani, na hapo hata kampuni za wastani zikaanza kuzitamani, wao na washindani wao. Ndipo tunapofika Ghala, na mimi.

Nilifika hapa 2005. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee wa Kiunguja, sote tukimwita Ami. Kiingereza cha mkoloni, mwandiko kama umechapwa. Kila bidhaa ilikuwa na kadi yake, na kadi zilikuwa katika makabati ya chuma, lakini kwa kweli kadi ilikuwa kichwani mwake. Ukimuuliza maziwa ya unga ya kopo kubwa yako wapi, anajibu bila kugeuka: safu ya tatu, nyuma ya mafuta, maboksi 60 na kitu, na yale ya kushoto toeni mwanzo yanakaribia tarehe.

Kisha ikaja Gonu. Mtakumbuka, kimbunga cha Juni 2007, nyumbani mlikuwa mkinipigia simu hamnipati. Watu kama 50 walifariki nchini. Wadi zilishuka kutoka milimani kama bahari imegeuka njia. Kwetu maji yaliingia mpaka kwenye rafu ya chini, na makabati ya kadi yakalala ubavu. Kadi zilikuwa kama uji. Mali nyingine ilikuwa juu, salama, lakini hakuna karatasi ya kusema ni ngapi, ya nani, imelipwa au haijalipwa. Ami akakaa kiti cha plastiki mlangoni wiki tatu, akatutajia kila kitu kutoka kichwani, sisi tunaandika. Tulipohesabu baadaye tofauti ilikuwa ndogo mno. Matajiri walimshukuru sana. Na hapo hapo wakaogopa. Maana walijiuliza, je, angelikuwa Ami ndiye aliyechukuliwa na wadi?

Programu ikanunuliwa, 2009. Jina silitaji. Kazi yangu ikawa kukaa na Ami na kuhamisha kichwa chake kuingiza ndani ya mashine. Kila nafasi ikapewa namba: njia, nguzo, ngazi. 04-12-C maana yake njia ya nne, nguzo ya 12, ngazi ya tatu. Kila paleti ikabandikwa bakodi. Mzigo ukiingia unapiga skana, programu inakwambia uuweke wapi. Oda ikija inakwambia uanzie wapi na umalizie wapi ili usizunguke bure, na inakuchagulia boksi ambalo tarehe yake iko karibu zaidi, siyo lililoingia mwanzo. Watu wengi hawajui tofauti hiyo: maziwa yaliyoingia jana yanaweza kuharibika kabla ya yaliyoingia mwezi uliopita. Na kila siku inachagua nafasi chache zihesabiwe, ili msisubiri mwisho wa mwaka kugundua msiba.

Inapanga pia nini kikae karibu na mlango. Kinachotoka sana kikae karibu, kinacholala kikae mbali. Sasa hapo ndipo mashine ilipotuchekesha. Wenyewe waliotengeneza wanahesabu miezi ya kizungu. Ghuba nzima Ramadhani ikikaribia watu wananunua Vimto kama maji ya kisima, na ikisha hakuna anayeitaka. Programu ikatazama mwaka uliopita, ikasema Vimto itakwenda sana kuanzia tarehe fulani. Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka! Mwaka wa kwanza Vimto ilikuwa bado imelala ngazi ya juu kabisa ndani wakati malori ya maduka yamepanga foleni nje. Ami alikuwa ameshasema. Tangu hapo tunaingiza kalenda ya Kiislamu kwa mkono kila mwaka, na mpaka leo hiyo ni kazi yangu.

Mtihani mwengine ulikuja 2014. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kontena zote zilihamishwa kutoka Matrah zikapelekwa bandari ya Sohar, na Matrah ikaachiwa watalii na meli zao za anasa. Zamani kontena ilitoka bandarini ikatufikia kabla chai haijapoa. Sasa ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Ongezeni na sheria ya hapa kuwa Juni mpaka Agosti hakuna kazi ya juani baina ya saa sita u nusu na saa tisa u nusu mchana. Lori likichelewa kidogo Sohar, likafika saa saba, linakaa juani na mzigo wake mpaka saa tisa u nusu, nje nyuzi joto 45. Ikabidi tujifunze kupanga milango: lori gani, mlango gani, saa ngapi. Kwa hilo nakiri wazi, bila programu tusingeliweza. Kichwa cha mtu hakiwezi kujua lori liko wapi barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. 2016 katika kuhesabu zilikosekana boksi 212 za tuna. Mashine inasema zipo, rafu inasema hazipo. Na mashine ina kitu ambacho kadi haikuwa nacho: kila ingizo lina jina la aliyeingia, na jina lilikuwa la Ami. Ofisini hawakusema wizi, walisema "tofauti", lakini mnajua namna watu wanavyoacha kumtazama mtu machoni. Mzee wa miaka sitini na, aliyelitoa ghala lote kichwani mwake baada ya Gonu, akaulizwa maswali na kijana wa miaka 26 mwenye kompyuta ya mapajani. Mie nilikuwepo chumbani. Sikusema kitu, na bado linaniuma.

Ami akatoa mfuko wa kanzu kijidaftari. Kumbe miaka yote ile hakuacha kuandika! Kila lori lililoingia: tarehe, saa, namba ya gari, mzigo, jina la dereva. Kwa Kiswahili, ili asisome mwengine. Siku ile kwenye daftari lake lilikuwa limeingia lori moja la tuna, boksi 212. Kwenye mashine yalikuwa mawili, saa ile ile, dakika nne mbalimbali. Mtandao ulikuwa umekatika katikati, skana ikaganda, mtu akapiga tena, na ya kwanza nayo ikaja kufika. Mzigo mmoja ukapokewa mara mbili. Na aliyepiga hakuwa hata Ami, ni kijana wa zamu aliyetumia jina lake la siri kwa sababu la kwake lilikuwa limefungwa. Boksi hazikuibiwa, hazikuwahi kuwepo.

Nilisahihisha mimi mwenyewe, kazi ya dakika mbili. Hakuna aliyemwomba radhi. Alistaafu mwaka uliofuata, sasa yuko Mabela na wajukuu, na makabati yale ya chuma yalichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimtembelea Ijumaa iliyopita, nikamhadithia habari za Jairam na madaftari yake. Akanisikiliza, akacheka, akasema, "Seyyid alikosa kijidaftari chake tu." Kisha akaniuliza kama Vimto nimeshaiteremsha, Ramadhani hii hapa mlangoni.

Sikuwa nimeiteremsha. Kesho Jumamosi, siku ya mapumziko, naingia kazini. Mwambieni Bi Mkubwa mwanawe anafanya kompyuta, na yule jirani mwambieni kesho nitakuwa kuli. Picha zikiwa nzuri nitazituma.